Maisha ya Joseph Chamberlain na Habari ya Fidia Jikoni

Wanachama wenzetu, nanyi wazee wetu, wengi katika chama hiki hupata riziki yao kwa kazi ya jikoni. Wako wapishi wa hoteli kubwa, wako watumishi wa mezani, wako wenye hoteli ndogo za chai na mandazi, tena wako waandalizi wa karamu ambao huyapakia masufuria yao garini na kuyapeleka hata nyumba ya arusi. Kamati huletewa mara kwa mara habari ya mtu aliyemwagikiwa na mafuta ya moto, au aliyeteleza na sinia mikononi akavunjika mguu, na swali huwa ni lile lile: nani atalipa? Kwa sababu hiyo tumeona vema, mahali hapa pawekwapo maisha ya mtu mashuhuri, tuandike mwaka huu habari za Joseph Chamberlain wa Uingereza.

Huenda wazee wengine wakashangaa. Jina la mtu huyu halina utamu katika Afrika, nasi hatutalificha jambo hilo likifika mahali pake. Lakini ile kanuni isemayo kwamba mtu akiumia kazini atalipwa bila ya kuulizwa kosa ni la nani, kanuni ambayo baadaye ilifika hata Kenya, iliingizwa katika sheria ya Uingereza kwa juhudi zake kuliko za mtu mwingine yeyote. Aliye na deni na alipwe.

Joseph Chamberlain alizaliwa Camberwell, London, tarehe 8 Julai, 1836. Baba yake alikuwa tajiri wa viatu. Kijana alisoma shule nzuri hata umri wa miaka 16, kisha akatolewa shuleni aingie katika biashara ya baba yake. Alipokuwa na miaka 18 alipelekwa Birmingham, mji wa viwanda, katika kampuni ya mjomba wake Nettlefold iliyotengeneza parafujo za mbao. Huko alishika hesabu na mauzo kwa miaka 20, na mwaka wa 1874 akaiacha biashara akiwa mtu mwenye mali nyingi. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili: aliyesema baadaye kwamba tajiri na alipe, alikuwa mwenyewe tajiri wa kiwanda, aliyejua gharama ya kila mzigo wa makaa na kila saa ya mfanyakazi.

Nyumbani alipatwa na misiba. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka wa 1863 baada ya kuzaa, na wa pili alifariki vivyo hivyo mwaka wa 1875. Wengine husema kwamba misiba hiyo ndiyo iliyomfanya awe mkavu wa maneno. Sisi hatuwezi kupima moyo wa mtu. Twajua tu kwamba alizidi kujitia katika kazi ya umma. Alikuwa Meya wa Birmingham tangu 1873 hata 1876, na katika muda huo mji ulinunua kampuni za gesi na za maji zikawa mali ya watu wote, na mitaa michafu ya katikati ikaanza kubomolewa. Mwaka wa 1876 akaingia Bunge.

Sasa yatupasa kueleza sheria ilivyokuwa siku zile, maana asiyeijua hataona Chamberlain alifanya nini. Mwaka wa 1835 kijana mmoja, mtumishi wa mwuza nyama katika Uingereza, alitumwa na bwana wake kupeleka nyama sokoni. Gari lilikuwa limepakiwa kupita kiasi, likavunjika, naye akavunjika paja. Alishitaki, na wazee wa baraza wakampa pauni 100. Lakini mwaka wa 1837 majaji wa London waliitangua hukumu hiyo. Jaji Lord Abinger alitoa hoja kwamba mtumishi huyu akilipwa, basi mlango utafunguka na kila bwana atashitakiwa na watumishi wa nyumba yake: huyu atashitaki kwa kuwa mtumishi wa vyumba alimlaza katika kitanda chenye unyevu, na yule atashitaki kwa kuwa mpishi hakusafisha vyema vyombo vya shaba vya jikoni. Basi, jiko lilitumiwa kama mfano wa kumtisha mtu asitoe fidia!

Kutokana na hukumu hiyo ilikua kanuni kwamba mtu akiumizwa kwa kosa la mtumishi mwenzake, bwana wao hana deni. Mpishi msaidizi akimwangushia mwenziwe sufuria la supu inayochemka, aliyeungua alitazamiwa kumdai msaidizi yule asiye na senti. Tena iliongezwa hoja nyingine: kwamba aliyekubali kazi ya hatari amekubali na hatari yake, na kwamba aliyeshiriki katika kosa, hata kidogo, hapati kitu. Mwaka wa 1880 ilitoka sheria ya kupunguza ukali huo, nayo iliwasaidia baadhi ya watu wa reli na viwanda. Lakini hata hao walitakiwa kwanza kuthibitisha uzembe wa tajiri au wa msimamizi wake mbele ya mahakama, na watumishi wa nyumbani, pamoja na wapishi wao, hawakuhesabiwa kabisa.

Mwaka huo huo wa 1880 Chamberlain alifanywa mkuu wa idara ya biashara ya serikali. Huko alikutana na bima kwa upande wake mbaya. Wenye meli wengine walikuwa wakikata bima kubwa kuliko thamani ya meli yenyewe. Meli mbovu ikizama, mwenyewe alipata faida, na mabaharia walizama nayo. Mwaka wa 1884 Chamberlain alileta muswada wa kuzuia bima za namna hiyo, akausimamia kwa hotuba ndefu sana, lakini wenye meli walimpinga kwa nguvu na muswada ukaondolewa. Alishindwa, ila twaona kwamba hapo ndipo alipojifunza jambo lililomfaa baadaye. Bima inayomlinda mwenye mali peke yake huweza kumfanya asijali maisha ya watu. Kwa hiyo sharti itangulie sheria ya kumfanya tajiri awe na deni kwa aliyeumia, ndipo bima ya deni hilo iwe na faida kwa pande zote mbili.

Mwaka wa 1886 alifarakana na Gladstone kwa habari ya Ireland, akakiacha chama chake, na baadaye akashirikiana na wale waliokuwa wapinzani wake. Hatutaki kukawia katika magomvi hayo. Lililo muhimu kwetu ni mwaka wa 1893, serikali ilipoleta muswada mpya kuhusu deni la waajiri. Chamberlain, akiwa upande wa upinzani, alisimama akasema kwamba marekebisho hayo hayatoshi. Wenzake walikuwa wakibishana juu ya uzembe, lakini yeye alionyesha kwamba ajali nyingi hazina mwenye kosa anayeweza kuthibitishwa. Kazi yenyewe ina hatari. Basi madhara ya kazi na yahesabiwe kuwa gharama ya kazi, kama vile makaa na mashine zinazochakaa, na kila aliyeumia alipwe, isipokuwa aliyejiumiza kwa kosa lake mwenyewe. Wajerumani walikwisha kuanza mpango wa namna hiyo kwa sheria yao ya mwaka wa 1884, iliyowalazimisha waajiri wa kazi moja kuchangia mfuko mmoja. Muswada wa 1893 ulikwama katika Baraza la Malodi, lakini wazo la Chamberlain halikufa.

Mwaka wa 1895 aliingia serikalini tena, akachagua kuwa Waziri wa Makoloni. Muswada wa fidia wa mwaka wa 1897 uliletwa na waziri mwingine, yaani wa mambo ya ndani, lakini kila mtu Bungeni alijua kwamba ni kazi ya Chamberlain, na ndiye aliyeutetea. Wenye migodi ya makaa walilalamika kwamba watafilisika, na wengine wao walikuwa watu wa upande wake mwenyewe. Hata hivyo ulipita, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai, 1898.

Masharti yake yalikuwa mepesi kufahamika, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mtu akiuawa na ajali ya kazi, wategemezi wake hupata mshahara wake wa miaka 3, au pauni 150 ikiwa mshahara huo haufiki hapo, lakini isizidi pauni 300. Akiumia asiweze kufanya kazi, baada ya juma mbili hulipwa kila juma nusu ya mshahara, isizidi pauni moja. Mathalan mtu mwenye shilingi 24 kwa juma angepata shilingi 12, na akifa watu wake wangepata pauni 187 na shilingi 4. Hakutakiwa kuonyesha uzembe wa mtu yeyote. Alitakiwa kuonyesha kwamba ameumia na kwamba aliumia kazini. Aliyekataliwa ni yule aliyeumia kwa utovu mkubwa wa makusudi. Ni kweli kwamba nusu ya mshahara si mshahara, na wenye kusema kwamba kiasi kilikuwa kidogo walikuwa na haki. Lakini nusu iliyo hakika ilimfaa mwenye watoto kuliko mia moja ya kugombewa mahakamani.

Je, mpishi? Hapa ndipo palipo na upungufu. Sheria ya 1897 ilitaja reli, viwanda, migodi, machimbo ya mawe, kazi za uhandisi, na ujenzi wa majumba marefu kupita futi 30. Mwoka mikate katika kiwanda chenye mashine aliingia. Mpishi wa hoteli, aliyesimama mchana kutwa kati ya jiko na birika la mvuke, hakuingia. Wala mtumishi wa mezani aliyepanda na kushuka ngazi na masinia. Walidhani kwamba hatari ni chuma na baruti tu. Anayefikiri hivyo hajapata kusimama karibu na karai la mafuta saa sita za mchana.

Kwa upande wa waajiri, sheria ilileta desturi mpya. Haikumlazimisha tajiri kukata bima, lakini mwenye kazi ndogo aliona upesi kwamba kifo kimoja chaweza kumla mtaji wote. Basi waajiri wengi walikwenda kwa kampuni za bima, wakalipa ada kwa kadiri ya mishahara na hatari ya kazi. Wenye kutunga sheria walifikiri pia habari ya tajiri anayefilisika: waliandika kwamba fedha ya bima anayostahili kupata ni haki ya aliyeumia kwanza, kabla ya wadai wengine. Twalitaja hili kwa sababu tumesikia mwenye hoteli akisema kwamba ana bima ya moto, basi yu salama. Bima ya moto hulipa paa na meza. Haimlipi mpishi aliyeungua. Wala bima ya fidia haimlipi mgeni aliyeumwa tumbo kwa chakula kibovu. Huyo ana dai la namna nyingine, na bima yake ni nyingine.

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi kutolificha. Chamberlain huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati wa vita ya Makaburu, 1899 hata 1902, na wengi humhesabu kuwa mmoja wa walioisababisha. Mwezi wa Desemba, 1902, akiwa safarini kwenda Afrika ya Kusini, alishuka Mombasa akapanda gari moshi kwenda bara. Akazitazama nchi za juu, akazipenda, na mwaka uliofuata akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi, kwamba ameona nchi inayowafaa watu wake. Kutokana na maneno hayo serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Uasin Gishu. Wenyeji wa nchi hawakuulizwa. Mpango huo ulikataliwa na Wayahudi wenyewe mwaka wa 1905.

Na ile reli aliyoipanda! Ilijengwa tangu 1896 hata 1901. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kama 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa na ajali. Reli ndiyo kazi ya kwanza kutajwa katika sheria ya 1897, lakini sheria hiyo ilikuwa ya Uingereza tu. Katika miaka ile ile ambayo mjane wa mtu wa reli wa Birmingham alipewa haki ya mshahara wa miaka 3, aliyekufa njiani Tsavo hakuwa na sheria hiyo. Hatujui kama Chamberlain, dirishani mwa gari moshi, alipata kulifikiri jambo hilo.

Mwaka wa 1903 alijiuzulu uwaziri ili azunguke nchi akitetea ushuru wa bidhaa za kigeni. Watu wake walishindwa vibaya katika uchaguzi wa Januari 1906. Julai ya mwaka ule mji wa Birmingham ulimfanyia sherehe kubwa kwa kutimiza miaka 70. Siku chache baadaye alianguka kwa ugonjwa wa kupooza, na tangu hapo hakuhutubia tena.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1906, Bunge lililojaa wapinzani wake lilipitisha sheria mpya ya fidia, naye amelala nyumbani. Sheria hiyo, iliyoanza Julai 1907, haikutaja tena orodha ya kazi. Ilimchukua karibu kila mtu aliye na mkataba wa kazi, hata watumishi wa nyumbani. Waliotolewa walikuwa wachache, kama makarani wenye mshahara wa kupita pauni 250 kwa mwaka. Mpishi akaingia. Boi wa mezani akaingia. Hata yule wa kibarua, aliyeitwa kwa karamu ya siku moja, aliingia ikiwa aliyemwita ni mwandalizi ambaye kazi yake ni karamu; lakini akiitwa na mwenye nyumba kwa sherehe yake mwenyewe, hakuingia. Waandalizi wetu watauona umuhimu wa tofauti hiyo, maana wao ndio wanaokusanya vijana wa siku moja. Mabibi wa nyumba kubwa na ndogo wakakimbilia bima, na kampuni zikauza mikataba kwa ajili ya watumishi.

Mwaka wa 1908 lilikuja mbele ya Mahakama ya Rufani ya London shauri la mtumishi wa mezani wa kampuni ya Spiers and Pond. Hao walikuwa waandalizi mashuhuri waliouza vyakula katika vituo vya reli, na zamani, walipokuwa Australia, ndio waliogharimia safari ya timu ya kwanza ya kriketi kutoka Uingereza, 1861. Swali lilikuwa hili: bakshishi ya wageni ni sehemu ya mapato ya mtumishi, au sivyo? Majaji walisema kwamba mahali ambapo bakshishi hutolewa waziwazi kwa desturi, na mwajiri anajua na kukubali, lazima ihesabiwe katika kukadiri fidia. Wanachama wetu wa mezani, ambao mara nyingi bakshishi yao hukaribia mshahara, watafurahi kusikia kwamba jambo lao lilipata kusikilizwa mapema hivyo.

Kanuni ile ilivuka bahari polepole. Huku Kenya sheria ya fidia kwa wafanyakazi, iliyokuja kuitwa Sura ya 236, iliwekwa katika miaka ya 1940, karibu nusu karne baada ya ile ya Chamberlain. Ilidumu hata mwaka wa 2007, ilipotungwa sheria mpya ya mafao ya wanaoumia kazini. Hiyo mpya imekwenda mbali kuliko alivyothubutu Chamberlain, kwa kuwa yamlazimisha kila mwajiri kuwa na bima, na ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Vifungu vyake vilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua shauri hilo Desemba 2019. Mwenye hoteli ya meza 4 na mwenye hoteli ya ghorofa 10 ni sawa mbele yake.

Chamberlain aliishi miaka 8 katika ugonjwa wake. Birmingham iliendelea kumchagua ingawa hakuweza kusema, na mwaka wa 1910 alichukuliwa hata Bungeni ili aape. Mwanawe Austen alimsaidia kutia sahihi. Alikuwa angali mbunge alipofariki London tarehe 2 Julai, 1914, mwezi mmoja kabla Uingereza haijaingia katika Vita Kuu. Jamaa zake walipewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey pamoja na wakuu wa taifa, wakakataa. Alizikwa Birmingham, katika makaburi ya Key Hill.